Mahari ya Mzee Ndirangu

Kabla hujapanga chakula, panga choo. Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa katika kazi ya kutunza wazee, na aliyenipa hakuwa daktari wala sista, alikuwa mpishi. Ninyi mnaoingia kazini sasa mna vyeti na viatu vyeupe. Mimi nimestaafu mwezi uliopita na magoti yangu mabovu, basi niacheni niandike machache kabla kumbukumbu nazo hazijastaafu. Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na sijamwona mzee aliyepata usingizi kwa sababu mimi nimepandishwa cheo.

Nilianza miaka ya hamsini, Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ikiwa bado haijaondolewa. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya reli pale stesheni ya Ruiru, nami nikamfuata kutoka kwetu Bukusu na sanduku la bati, na Kiswahili cha shule ya misheni nilichojivunia kupita kiasi. Nyumba ya Wazee ilikuwa nje ya mji, njia ya kwenda Mugutha, mikahawa kila upande. Wamisheni waliijenga kwa ajili ya vibarua waliozeekea mashambani mwa Wazungu na hawakuwa na mtu wa kuwachukua. Wengi walikuwa Wakikuyu, pamoja na Wakamba wachache na mzee mmoja wa kutoka Nyanza. Wa kuwatunza tulikuwa watatu: Memsahibu, Mutiso na mimi.

Siku ya kwanza Memsahibu, muuguzi wa Kiingereza aliyevaa funguo kiunoni kama mkufu, alinikabidhi karai, kipande cha sabuni na miguu thelathini na saba. Wazee walikuwa kumi na tisa. Mguu wa thelathini na nane ulibaki kwenye mashine ya makonge miaka mingi kabla sijazaliwa. Niliosha mpaka vidole vyangu vikakunjamana, nikalia kidogo nyuma ya tangi la maji, halafu Mutiso akanipa chai.

Huyu Mutiso ndiye mpishi niliyemtaja. Mkamba wa Machakos, alipikia askari vitani huko Burma, na tangu hapo hakuamini kuna jambo lisiloweza kupangwa. Aliniambia, "Nekesa, mzee akikataa chakula usiangalie mdomo. Angalia miguu. Kama amevaa viatu, huyo hana njaa, huyo ana safali." Alisema safali, ndiyo. Herufi r haikukaa kinywani mwa Mutiso hata siku moja. Nilicheka, naye akaniambia nikicheka wazee sitadumu, ila nikimcheka yeye ruhusa.

Mtu aliyelala na viatu pale alikuwa mmoja, Mzee Ndirangu. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti zito la jeshi alilopewa na mtu. Alikuwa na kidonda cha kifundo cha mguu ambacho nilikisafisha kila asubuhi kwa maji ya chumvi. Wazee wote wanaume niliwaita Guka, kwa Kikuyu ni babu. Kwetu tunasema kuuka, na hapo peke yake ndipo lugha zetu zilipokutana bila kugombana. Yeye aliniita mwari, yaani binti.

Kwa wenzake Wakikuyu aliongea habari za mvua tu. Siku zile watu walikuwa wamefundishwa kunyamaza, hujui nani atapeleka neno wapi, na wazee waliokaa kitanda na kitanda waliogopana kama watoto waliovunja chungu. Lakini mimi nilikuwa mgeni, wa kabila la mbali, sina upande. Asubuhi nikiwa nimeinama juu ya kidonda, alinong'ona. "Mwari, mimi naenda mahari yangu. Mahari yangu iko Thika."

"Mahari, Guka?"

"Ii. Mahari yangu. Nyambura iko huko."

Sasa wewe unayesoma hapa Kiambu umekwisha kucheka. Cheka, una haki. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Bukusu, na kwetu r ni r na l ni l. Najua alisema "rakini" na "kurara" na nilimwelewa, kwa sababu "kurara" halina maana nyingine ya kunipoteza. Mahari lina maana yake kamili, na neno likiwa na maana yake sikio haliulizi zaidi. Nikajenga nyumba nzima juu ya neno moja. Nyambura ni binti yake, nikajiambia. Ameolewa Thika. Mkwe hajatoa mahari, na mzee wa watu anataka kwenda kudai haki yake kabla hajafa. Nilimhurumia sana. Nikamweleza Memsahibu, naye akaandika kwa wino kwenye faili.

Mara mbili Mzee Ndirangu alitoka kwenda Thika kwa miguu, alfajiri, bila pasi. Kwa siku zile hilo lilikuwa jambo la kufa. Mkikuyu aliyekutwa barabarani bila karatasi hakuulizwa kwa upole. Mara zote mbili homgadi, walinzi wa kijiji waliowekwa na serikali, walimrudisha, mara ya pili wakimsukuma kwenye baiskeli na kidonda kikivuja damu. Bahati yake alikutana na watu wenye subira.

Memsahibu hakuwa mtu mbaya. Aliogopa ataletewa maiti. Akaniita ofisini akanionyesha barua aliyokwisha kuipiga taipu, ya kumpeleka Mzee Ndirangu Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili, wadi ya kufungwa. Ilikuwa imekamilika, imebaki tarehe tu. "Yeye toroka tena mara moja," alisema kwa Kiswahili chake, "mimi andika tarehe. Hapana penda, lakini andika."

Nilitoka pale nikijua maana ya barua ile. Nilikuwa nimewaona waliorudi kutoka wadi ile. Ni wachache waliorudi.

Ndipo likaja jambo la pikiniki. Memsahibu alikuwa na hamu ya siku nyingi kuwatoa wazee kwa siku moja, waone maji yanayotembea, wapate upepo usionuka dawa. Alitaka kitambaa chini ya mti na mkate wenye matango katikati. Mutiso alimsikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma kijeshi, kisha akasema, "Memsaabu, mzee hawezi toka Luilu mpaka Thika kwenda kula majani. Hiyo ni kazi ya ng'ombe." Memsahibu akacheka, jambo lililotokea kama mara mbili kwa mwaka, na matango yakageuka mbuzi.

Nami nikaona mlango umefunguka. Usiku ule nilimweleza mume wangu mpango wangu mpaka akanigeuzia mgongo, na kesho yake nikamvamia Mutiso jikoni.

"Mutiso, yule mbuzi tumpe Guka Ndirangu pale mtoni. Tumwambie ni mahari yake."

"Mahali gani?"

"Si mahali. Mahari!"

"Ndiyo nauliza, mahali gani?"

"Mahari, Mutiso! Ya binti! Ng'ombe, mbuzi!"

"Asi! Kumbe ni mahali hiyo. Si useme mahali, kwa nini unasema mahali?"

Nilimwangalia nikiona mtu asiyejua kusema. Yeye hana r, mzee hana l, na mimi katikati yao nimejifanya mwalimu. Mutiso alikatakata vitunguu vyake kidogo, kisha akauliza, "Lakini wewe uliuliza mzee? Au ulisikia tu?" Nikamjibu kwamba nimesikia kwa masikio yangu mawili. Akasema sawa, na mpaka leo najua hakuona kuwa ni sawa.

Mpango wenyewe ulituchukua wiki tatu, na hapa ninyi vijana someni polepole. Wazee waliokuwa na nguvu ya kukaa kwenye lori walikuwa kumi na wawili. Cha kwanza ni choo: Mutiso alibeba jembe, magunia manne na vigingi, ili shimo lichimbwe na kuzungushiwa kabla mzee hata mmoja hajashuka, kwani mzee akishuka lori hamwulizi mtu kama mmejiandaa. Cha pili ni kivuli, cha tatu viti. Usimkalishe mzee kwenye majani ati ndiyo raha ya pikiniki. Kumkalisha ni rahisi, kumwinua mtahitaji wanaume wawili na sala. Magodoro tuliyatandika ndani ya lori, na masanduku ya majani ya chai yakawa ngazi.

Chakula kilikuwa cha mwisho. Kati ya wale kumi na wawili, wenye meno walikuwa watano, na meno yenyewe hayakutazamana. Kwa hiyo mbuzi wa kuchoma alikuwa wa harufu kwa wengi na wa kutafuna kwa wachache. Mutiso alipanga supu ya mifupa kwa wote, maini ya kuchoma yakatwe madogo, nyama nyingine itwangwe kwenye kinu baada ya kuiva, na mukimo, viazi vya kuponda na mboga, laini usio na punje ya mahindi hata moja. Mzee asiye na meno, alisema, haoni haya kwa kukosa meno. Anaona haya mkimwangalia anavyotafuna. Basi kila mtu atatwangiwa, mwenye meno na asiye nayo.

Ruhusa ya D.O., afisa wa serikali wa wilaya, ilikuja kwa karatasi yenye muhuri. Siku moja, saa tatu mpaka saa kumi, kando ya mto Chania, Thika. Askari mmoja awasindikize. Kisu kimoja, kishikwe na mpishi. Mtu asiachane na kundi. Memsahibu aliposoma hilo la mwisho alinitazama.

"Ndirangu baki hapa."

"Memsahibu, naomba."

"Yeye toroka."

"Nitakuwa naye mimi. Akiachana na kundi, uandike tarehe, na mimi uniandikie barua yangu tuondoke pamoja."

Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mshahara wa reli peke yake haukutosha kulisha nyumba. Alizungusha funguo, kisha akaliandika jina la Mzee Ndirangu la kumi na mbili.

Siku ikafika. Memsahibu alibaki na wasioweza kusafiri, nasi tukapanda lori la shamba tuliloazimwa pamoja na dereva wake. Mbuzi alikuwa hai, amefungwa pembeni, na kabla hatujapita mji alikuwa ameanza kula shuka ya Cucu Wambui. Cucu Wambui ndiye aliyekuwa ulimi wa nyumba yetu, bibi kizee mfupi aliyeishi sana kwenye makambi ya kahawa na kujua Kiswahili cha kila kabila. Alimpiga mbuzi kofi la pua. "Ngoja," akamwambia, "reo nani atakura nani, tutaona." Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa tukamsimamishia lori. Mzee Ndirangu hakucheka. Alikuwa amekamata ubavu wa lori kwa mikono yote miwili, anatazama mbele.

Thika tulishuka penye kivuli kizuri, maji yanasikika. Choo kikachimbwa. Viti vikapangwa. Askari, mtu mrefu wa kutoka Nyanza, akakaa juu ya jiwe na bunduki mapajani, macho kwa mbuzi. Kila kitu kilikwenda kama Mutiso alivyopanga, mpaka nikaleta mpango wangu mimi.

Nilimfungua mbuzi, nikamvuta mpaka mbele ya kiti cha Mzee Ndirangu, nikapiga goti kwa heshima. Nilikuwa nimejizoeza maneno yale siku tatu.

"Guka, furahi leo. Mkwe wako amekuletea mbuzi wako."

Akamtazama mbuzi, akanitazama. "Mkwe gani?"

"Mkwe wako wa hapa Thika. Mume wa Nyambura."

Wale wazee waliokuwa wakiongea mvua na baridi waligeuza vichwa wote kwa mara moja. Mzee Ndirangu alisimama polepole, koti lake likafunguka.

"Mume wa Nyambura ni mimi," alisema.

Alikaa tena kwa kishindo, akafunika uso kwa kofia. Cucu Wambui akaniuliza kwa ukali nimemfanyia nini mzee wa watu. Nikamweleza nikigugumia: mahari, binti, Thika. Yule bibi alinisikiliza mdomo wazi.

"Ngai! Mahari gani? Sisi hiyo mari ya kuoa tunaita ruracio, hakuna Mukikuyu anaita mahari. Huyu anakwambia mahari. Mahari!" Akainama kwenye kiti, akapiga ardhi kwa kiganja, mara mbili, tatu. "Hapa! Pare! Mahari mutu anakaa!"

"Mahali," Mutiso akasema nyuma yangu taratibu. "Mimi niliuliza, Nekesa. Niliuliza mahali gani."

Jamani, niliona aibu. Ile aibu ya kutojua mikono uiweke wapi. Miezi mitano mtu aliniambia siri yake kila asubuhi, mimi peke yangu katika nyumba nzima, nami nikamwoza mkewe kwa mwanamume mwingine mbele ya watu.

Nikapiga magoti tena, safari hii si kwa maonyesho, nikamwomba msamaha. Aliiondoa kofia usoni. Akaanza kusema kwa Kikuyu, kichwa chini, na Cucu Wambui akawa ananigeuzia kwa Kiswahili. Mahali pake palikuwa pale juu ya mto, mwendo wa nusu saa, pembeni mwa shamba la makonge alilofanyia kazi tangu kijana. Watu walipoamriwa na serikali kuhamia vijiji vilivyozungushiwa waya, Nyambura alikuwa kitandani na homa. Akafa wiki ile ile. Mzee alimzika mwenyewe, hakuna jirani aliyeruhusiwa kuja, na kabla udongo haujakauka lori likawapakia wote. Hakuwahi kurudi. Alipomaliza alisema jambo fupi, na Cucu Wambui akanigeukia.

"Anasema yeye si wazimu."

Nilitazama upande wa juu wa mto. Makonge yalionekana. Nikamtazama askari, naye akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Mama, karatasi inasema mtu asiachane na kundi. Akienda pale mimi nitaandika, na wewe unajua."

Nilijua. Nilijua pia kwamba nikimrudisha mzee yule Ruiru bila kufika, kesho alfajiri atavaa viatu vyake aje kwa miguu, na tarehe itaandikwa. Akienda, amekwisha. Asipoenda, amekwisha.

"Askari," Cucu Wambui aliita, sauti imelegea ghafla kama ya mgonjwa. "Mimi hapa naona baridi. Maji hii inanirushia. Wewe je, wa meno mamoja?" Mzee aliyeulizwa alisema kweli, kuna baridi. Mwingine akasema magoti. Wa tatu akasema jua la pale juu linapendeza. Katika dakika moja wazee kumi na mmoja walikuwa wagonjwa wa baridi, jua la saa tano likiwaka.

Nikaelewa. "Barua inasema kando ya mto," nilimwambia askari. "Kule juu nako si kando ya mto? Kundi likihama lote, nani ameachana na kundi?"

Askari alifikiri. Alimfikiria D.O., akamfikiria mbuzi. "Kundi lote?"

"Mpaka choo," nikasema.

"Choo!" Mutiso aliguta. "Choo nimemaliza chimba sasa hivi!" Lakini alikuwa amekwisha kushika jembe.

Tulipakia upya. Kuwapandisha wazee kumi na wawili mara mbili kwa asubuhi moja ni kazi ambayo siwaombei, na dereva alisema maneno ambayo siyaandiki. Tukapanda kwa barabara ya shamba polepole, vyungu vikigongana, mpaka Mzee Ndirangu akagonga ubavu wa lori kwa fimbo.

Palikuwa makonge matupu. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na boma, hata jiwe la jiko sikuona. Mistari ya makonge ilitoka barabarani ikateremka mpaka mtoni, yote inafanana, yote imenyooka. Kunyooka kule kulitusaidia, maana mtu akiingia kwenye mstari unamwona mpaka mwisho. Askari alisimama pale kwenye kingo akasema hapa nitamwona, aende. Nikamshika mzee mkono, naye akautoa mkono wangu kwa upole akaingia peke yake.

Aliingia mstari wa kwanza, akarudi. Akaingia wa pili. Alitazama mto, akatazama kilima cha ng'ambo, akapima kwa fimbo kama fundi, akasogea. Nilikuwa nikimwombea aone hata kilima kidogo cha udongo, alama yoyote. Haikuwepo. Jembe la shamba lilikuwa limepita. Katika mstari wa nne alisimama, akavua kofia, akaanza kusema. Hakuwa analia. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Upepo ulituletea maneno, mimi sikuyajua, lakini Wakikuyu waliokaa kwenye viti waliyajua, na mmoja mmoja wakainamisha vichwa. Nilimuuliza Cucu Wambui anasema nini. Aliweka kiganja mdomoni, akatikisa kichwa. Alisema maneno mengine si ya kugeuza.

Alikaa huko mpaka makaa ya Mutiso yakawa mekundu. Aliporudi alikuwa na vumbi magotini.

"Umepaona, Guka?"

"Sijui, mwari. Makonge ni mengi. Rakini amesikia. Nyambura arikuwa na masikio mazuri."

Kisha akamwendea Mutiso akanyoosha mkono kuomba kisu. Mutiso alinitazama mimi, mimi nikamtazama askari. Kisu kimoja, kishikwe na mpishi, karatasi ilisema. Askari aligeuka akaanza kuchunguza ndege mmoja aliyekuwa juu ya waya, akamchunguza kwa makini sana, mpaka mbuzi alipokuwa amechinjwa na kupasuliwa.

Sijawahi kuona mtu anagawa nyama vile. Alijua kila kipande ni cha nani, cha mwanamke mzee, cha mwanamume, cha mgeni, na hakuuliza mtu. Mimi na askari alitupa pamoja, wageni. Kipande kimoja cha maini alikiweka kando juu ya jani, hakuna aliyekigusa, hata nzi walifukuzwa. Supu ilizunguka, kinu kikatwanga, kila mtu alitwangiwa kama ilivyopangwa. Cucu Wambui alikula mukimo mara tatu akalalamika hauna chumvi. Wale watu walioogopana miaka mitatu walianza kuulizana: wewe ulikuwa shamba gani? Ulimjua fulani? Ule mlima nao uliuacha? Nilikaa na karai langu la kuoshea mikono nikawasikiliza, na nilifurahi mpaka nikaona uchungu.

Saa kumi kasoro tulikuwa njiani. Niliwahesabu mara nne. Kumi na wawili.

Siri haikudumu hata usiku mmoja. Wazee walioshiba nyama hawafungi mdomo, na asubuhi Memsahibu alikuwa na habari yote: lori lilihama, mzee aliingia kwenye makonge, kisu kilibadilisha mikono. Alituita ofisini mimi na Mzee Ndirangu. Ile barua ilikuwa mezani, na kalamu juu yake.

"Yeye acha kundi?"

"Hapana, Memsahibu. Kundi lilikuwa naye. Askari aliandika hivyo."

"Mimi soma askari. Sasa uliza yeye mwenyewe. Kesho, wiki kesho, yeye toroka tena?"

Nilimgeukia mzee. Nilimuuliza taratibu, neno kwa neno, na safari hii nilimwambia akijibu nitarudia alivyosema ili anisahihishe kama nimekosea. Alikubali. Miguuni hakuwa na viatu. Nilikuwa sijaliona hilo mpaka pale.

Akajibu, nikarudia, akaitikia kwa kichwa, nikamgeuzia Memsahibu.

"Anasema hatatoka tena. Anasema hakuwa anatoroka. Siku ile walipowapakia kwenye lori, alihama bila kumwambia mkewe wanampeleka wapi. Alikuwa anakwenda kumwambia."

Memsahibu aliiweka kalamu pembeni. Kisha akaichukua barua, akaichana vipande vinne, akamwambia mzee kwa Kiswahili chake, "Pole, Bwana Ndirangu." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mtu yeyote wa pale bwana.